Kutoka Subaru STI hadi Toyota 86: mwongozo kwa dereva wa Arusha na Moshi

Kwa miaka sita niliendesha Subaru Impreza WRX STI kati ya Arusha na Moshi, kisha nikaliuza na kununua Toyota 86. Mwongozo huu namwandikia yule anayefikiria kuvuka kama nilivyovuka mimi, yaani kuacha gari la tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa ya ziada) linalosukumwa na magurudumu yote manne na kuchukua gari jepesi lisilo na tabo linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ambalo litampeleka kazini siku za wiki na kwenye uwanja wa mbio siku moja moja ya mapumziko. Wengi huanza kwa kuuliza lipi kati ya magari haya lina kasi zaidi, na jibu la swali hilo halimsaidii mnunuzi. Ajiulize badala yake ni kazi gani gari lake la sasa linamfanyia bila yeye kuiona, na nani ataifanya kazi hiyo siku atakapoliacha. Mimi sikujiuliza hivyo kabla ya kuuza, na majibu nikayapata barabarani, mengine kwa hasara.

Anza na hewa

Mji wa Arusha uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 85 ya ule wa Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo huvuta hewa kama inavyoikuta, kwa hiyo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 unazopanda. Toyota 86 ya mwaka 2012 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 200 kutoka katika injini ya FA20 yenye cc 1,998, lakini ukiiwasha Arusha hesabu kama 170, na ukishuka nayo Moshi utarudishiwa takribani kumi. STI ya soko la Japani yenye injini ya EJ207 iliandikwa nguvu za farasi 280 au zaidi, na kwa kuwa tabo huisukumia injini hewa kwa nguvu, sehemu kubwa ya upungufu wa kimo huzibwa kabla dereva hajauhisi. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza iliyofichika, kwamba tabo ilikuwa inakuficha mlima.

Matokeo yake utayaona kwenye barabara ya Moshi, hasa ukitoka Usa River kuelekea Maji ya Chai na Kikatiti, mahali ambapo barabara ni ya njia mbili na malori ya mizigo hujipanga. Ukiwa na STI unaweza kubaki gia ya nne, ukakanyaga, ukasubiri sekunde moja, na tabo ikakupeleka mbele ya lori. Ukiwa na 86 kukanyaga peke yake hakutoshi. Torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha, hulegea kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 ya injini kwa dakika, na nguvu kamili huja kwenye mizunguko 7,000. Kwa hiyo rudisha gia ya tatu, na kama mwendo ni mdogo rudisha ya pili, kabla ya kutoka nyuma ya lori, kisha pima nafasi iliyo mbele yako kwa nguvu ulizo nazo sasa, si kwa zile za gari uliloliuza. Mwezi wa kwanza nilipima kwa macho ya STI nikalazimika kurudi nyuma ya lori mara mbili kwa siku moja, na tangu hapo nikajiwekea sharti kwamba bila kushusha gia sipiti.

Kwa sababu hiyo ninashauri mambo mawili kabla ya kutoa fedha. Gari ulijaribu huku juu, si Dar es Salaam, maana gari lile lile litakupa picha nyingine kabisa kandokando ya bahari. Pili, kama mfuko unaruhusu, tafuta 86 iliyotengenezwa baada ya marekebisho ya mwaka 2016, ambayo kwa gia za mkono ina nguvu za farasi 207 na difu (gia ya mwisho inayopeleka nguvu kwenye magurudumu) ya uwiano wa 4.3 badala ya 4.1, kwani tofauti hiyo ndogo ya difu husaidia sana kwenye miinuko. GR86 iliyoanza mwaka 2021 ina injini ya cc 2,387, nguvu za farasi 235 na torki ya Nm 250, na ule mlegeo wa katikati nilioutaja karibu wote umeondoka. Kwa mtu wa Arusha ndilo gari bora kati ya yote haya, ila bei yake na ushuru wake ni habari nyingine.

Kimo nacho kina fadhila yake. STI za Japani zilitengenezewa petroli ya oktani ya juu, na mafuta yakiwa hafifu injini ya tabo hugonga, yaani mafuta hulipuka vibaya ndani ya silinda, pistoni huumia, na bili ya fundi huwa ya kutisha. 86 nayo ina mgandamizo mkubwa wa 12.5 kwa 1 na Japani hutumia petroli hiyo hiyo ya juu, lakini kwa kuwa hewa inayoingia kwenye silinda zake huku kwetu ni nyepesi, hatari ya kugonga hupungua yenyewe. Fadhila hiyo usiipoteze kwa kukubali kompyuta ya gari ichezewe kwa programu iliyoandikwa kwa mafuta ya nchi nyingine.

Kulikagua gari na kuuza la zamani

Magari mengi ya aina hii hutoka minada ya Japani, kwa hiyo omba karatasi ya mnada yenyewe, si maelezo ya muuzaji tu. Daraja la R au RA maana yake ni kwamba gari liliwahi kugongwa likatengenezwa, na kwa gari la uwanjani mimi silichukui hata likiwa na bei nzuri kiasi gani. 86 nyingi zilitumika kwa drifti, yaani kutelezesha mkia wa gari kwa makusudi, na alama zake huonekana kwa anayejua pa kutazama: matundu ya boliti sakafuni yaliyoachwa na fremu ya usalama iliyong'olewa, boliti za viti zilizochubuka kwa kufunguliwa mara nyingi, rimu za nyuma zisizofanana na za mbele, na chembechembe za mpira zilizogandia ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma. Sikiliza pia klachi, kwani beringi yake ikilia unapokanyaga pedali, giaboksi italazimika kushushwa karibuni.

Lipo suala moja ambalo halifai kupitwa. Novemba 2018 Subaru, ambayo ndiyo inayotengeneza 86 na pacha wake wa Subaru, BRZ, katika kiwanda chake cha Gunma, ilitangaza kuyarudisha magari ya miaka ya mwanzo kwa sababu ya springi za vali zilizoweza kukatika. Kazi hiyo ni kubwa na injini huondolewa, kwa hiyo kwa gari la mwaka 2012 au 2013 tafuta namba ya chesisi, ujue kama kazi ilifanyika, kisha umpe fundi akague kama injini ilifungwa vizuri na haivujishi oili.

Upande wa ushuru, asilimia 25 ya forodha na asilimia 18 ya VAT hazibagui kati ya magari haya. Kinachobagua ni ushuru wa bidhaa, ambao ni asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1,000 hadi 2,000 na asilimia 10 kwa inayozidi hapo, pamoja na nyongeza ya uchakavu kwa gari lililofikisha miaka 8 au zaidi. Ndiyo kusema 86 ya cc 1,998 imeponea mpakani kabisa mwa kundi la chini, ilhali GR86 imeangukia kundi la juu. Ingia kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) uweke mwaka na aina kamili kabla hujamlipa mtu yeyote, kwa kuwa viwango huguswa bungeni kila bajeti ya Juni, na uongeze gharama ya kulileta gari kutoka bandarini hadi Arusha.

STI lako liuze likiwa katika hali ya kiwandani kadiri inavyowezekana. Rudisha eksozi ya asili, toa vifaa ulivyofunga, na uviuze kando, maana mnunuzi makini huliogopa gari lililochezewa na huishusha bei yake kuliko vile vifaa vilivyogharimu. Hakikisha umiliki unabadilishwa TRA siku zile zile za mauziano, na usikubali ahadi ya kwamba mnunuzi atafanya baadaye, kwani faini za trafiki hufuata namba ya gari, na namba ikiwa bado kwa jina lako, deni ni lako. Vivyo hivyo wewe unaponunua, angalia kwanza kama namba hiyo inadaiwa.

Fedha ya kwanza iende kwenye breki na matairi

Kila anayetoka kwenye STI hushawishika kuirudishia 86 nguvu alizozoea. Mimi pia nilitaka, na nashukuru nilizuiwa na fundi wangu wa eneo la Unga Limited, mzee aliyekuwa akilitunza gari langu la kwanza. Aliniambia, "Mwanangu, hili gari halina mtu wa kukusaidia ndani yake. Lipe kwanza cha kulisimamisha."

Alisema kweli. STI huja na breki za Brembo zenye pistoni nne kila gurudumu la mbele, zinazoweza kustahimili raundi nyingi za uwanjani, na hiyo nayo ilikuwa kazi iliyofichika. 86 ni nyepesi kwa karibu kilo 200, kwa hiyo kalipa zake (vibanio vya pedi) za kawaida zinatosha, lakini pedi za kiwandani na mafuta ya breki yaliyokaa havitoshi. Nunua pedi zilizotengenezwa kwa matumizi ya barabara na uwanja kwa pamoja, kwani pedi za mashindano matupu hazishiki zikiwa baridi, na asubuhi ya Julai ukishuka kutoka Sakina utajuta. Mafuta ya breki yabadilishe yote. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yachemke si chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu kutoka hewani kiwango hicho huweza kushuka hadi 155, na yakichemka pedali huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Mimi huyabadilisha kila baada ya miezi sita, na kila mara kabla ya siku ya uwanjani.

Kwa kuwa tumegusa kuchemka, ondoa kwenye rejeta maji ya bomba kama mwenye gari wa kwanza aliyaweka. Kwa kimo cha Arusha maji wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, kwa hiyo kinachokulinda ni kulanti halisi na kifuniko cha rejeta chenye springi nzima inayotunza mgandamizo. Kifuniko kipya ni kitu cha bei ndogo mno ukilinganisha na hedi gasketi.

Matairi ya 86 ni 215/45R17, membamba kwa gari la spoti, na yalichaguliwa hivyo makusudi ili gari lianze kuteleza kwa mwendo mdogo ambao dereva anaweza kuumudu. Usikimbilie mapana. Tafuta jozi mbili mpya za aina nzuri inayofanya kazi kwenye maji, kwa sababu masika ya Machi hadi Mei hayamwachi mtu hapa kwetu. Matairi ya mtumba usiyatie kwenye gari hili kabisa. Hata yanayouzwa kama mapya yasomee tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la umri huo, hata likiwa na kashata zote, mpira wake umeshakuwa mgumu.

Kuhusu kulishusha gari, jibu langu ni hapana. 86 tayari iko sentimita 13 tu kutoka ardhini. Kati ya Tengeru na Boma Ng'ombe hutaimaliza hesabu ya matuta na rasta, na ukiacha lami kuingia mtaani kwako, iwe Moshono au Pasua, mawe yanakusubiri. Tuta refu livuke kwa mshazari, gurudumu moja baada ya lingine. Ukitaka gari lishike kona zaidi, badilisha bushi zilizochoka, weka shokapu nzuri za urefu wa kawaida, kisha fanya wili alaimenti na uongeze kemba (mlalo wa gurudumu kutoka wima) kidogo mbele kwa boliti maalumu. Vumbi letu la volkano ni laini kama unga, kwa hiyo eya klina ikaguliwe kila unaposafiri njia ya vumbi, na zile za wazi zinazopendwa kwa mlio wake ziache dukani.

Mikono na miguu ijifunze upya

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa wakasema 86 ni gari dhaifu. Dereva wa STI hufundishwa na gari lake mtindo mmoja: ingia konani kwa breki za kuchelewa, lielekeze gari, kisha kanyaga mapema, nayo magurudumu manne yatakutoa. Ukikosea, pua huelea kidogo kwenda nje na ukiachia mafuta inarudi. Ukiupeleka mtindo huo kwenye 86, kukanyaga mapema hutupa mkia nje, na kuachia mafuta ghafla katikati ya kona, kitendo ambacho kwenye STI kilikuwa dawa, hapa huongeza ugonjwa, kwa sababu uzito hukimbilia mbele na matairi ya nyuma hubaki mepesi.

Jifunze hivi. Tafuta uwanja mpana, wa wazi, wenye ruhusa ya mwenyewe, usio na miti wala nguzo karibu, na uwe na mtu wa kusimamia. Panga koni mduara wa mita 30 hivi, uzunguke gia ya pili kwa mwendo usiobadilika, kisha ongeza mafuta polepole hadi usikie nyuma ikianza kulegea, na uyapunguze kwa kiasi kile kile ulichoongeza. Fanya hivyo pande zote mbili mpaka mguu wa kulia uelewe kwamba pedali ya mafuta ni sehemu ya usukani. Baada ya hapo fanya mazoezi ya breki: bonyeza kwa nguvu gari likiwa limenyooka, kisha iachie breki taratibu huku ukigeuza usukani, ili pua ibaki na uzito wa kushika ardhi. Kwa 86 unashinda raundi kwa mwendo unaoubakiza ndani ya kona, maana nguvu za kuufidia baadaye hazipo.

Barabarani mfumo wa kuzuia kuteleza usiuzime kamwe. Nilishikwa na mvua ya kwanza ya vuli nikishuka kuelekea Tengeru, lami ikiwa na mafuta ya miezi mitatu ya ukame juu yake, na mkia ukatoka kwenye kona ambayo kwa STI nilikuwa naipita bila kufikiri. Kilichonirudisha ni mfumo huo, si mimi. Mvua za kwanza ni mbaya kuliko zile za katikati ya msimu, kwa kuwa barabara bado haijaoshwa. Na kwenye makazi, hamsini ni hamsini. Bodaboda anayeingia kutoka kando hajui kwamba gari lako linasimama upesi.

Siku ya uwanjani

Arusha na Moshi hatuna uwanja wa kudumu wa lami wa mbio za magari, kwa hiyo anayetaka lami huvuka Namanga kwenda upande wa Nairobi, safari ya kilomita 270 hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Beba kadi halisi ya gari, leseni, na kadi ya njano ya COMESA ambayo ni bima ya kuvukia, na mpakani uchukue kibali cha muda cha gari. Soma pia mkataba wa bima yako kubwa neno kwa neno, kwani mikataba mingi huondoa ajali zinazotokea kwenye mashindano au majaribio ya kasi. Siku hiyo gari ni lako na hasara ni yako.

Injini ya FA20 hutumia oili ya 0W-20, lakini kwa siku za uwanjani mafundi wengi hupendelea 5W-30 nzuri, kwa sababu oili hupata joto kali inapokaa kwenye mizunguko ya juu. Beba lita moja ya ziada, pedi za akiba, mafuta ya breki, kipimo cha upepo, na spana ya kupimia nguvu. Nati za magurudumu za 86 hukazwa kwa Nm 120. Anza na upepo wa PSI 30 matairi yakiwa baridi, kisha pima mara tu unapotoka uwanjani, kwani utapanda kwa nne hadi sita, na uupunguze kwa usawa mbele na nyuma.

Nenda kwa vipindi vifupi. Raundi ya kwanza ya kupasha joto, tatu au nne za kasi, na ya mwisho polepole bila kugusa breki ila kwa lazima, ili diski zipoe. Ukisimama, usivute breki ya mkono. Weka gia na kizuizi nyuma ya gurudumu, maana pedi zenye moto zikigandamizwa kwenye diski huacha alama itakayotikisa usukani njia nzima ya kurudi. Kumbuka pia kwamba gari hili hili ndilo litakalokurudisha nyumbani usiku, kwa hiyo pedi zikifika milimita tano, siku yako ya uwanjani imekwisha hata kama umelipia saa mbili zaidi.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kazini, kaza tena nati, tazama kingo za ndani za matairi ya mbele ambako kemba hula kimyakimya, angalia kimo cha oili, na ubonyeze pedali ya breki injini ikiwa imezimwa. Ikiwa laini kuliko ulivyoizoea, liache gari nyumbani siku hiyo uende kwa daladala, na jioni utoe hewa kwenye mabomba ya breki.